Jembe la Posa Lililokuja na Mpini

Huku Msangano sisi Waislamu tu wachache. Majirani zetu Wakristo tunazikana nao na kupikiana, sina ugomvi na dini ya mtu. Ugomvi wangu ulikuwa na mwenye shamba tuliloazimwa. Alimtaka mjukuu wangu kwa kijana wake, na mtoto bado yuko darasa la saba. Tena abatizwe kwanza. Jina jipya walishamchagulia. Tukikataa, tusahau shamba. Mwanangu, baba wa binti, kazi yake ikawa kutazama chini kama kuku aliyenyeshewa.

Kwetu posa hufunguliwa kwa jembe jipya, chuma kitupu. Mpini hutiwa na upande wa binti wakishakubali. Siku hiyo mwenye shamba akaja na mshenga wake, viatu vinang'aa, na jembe lina mpini tayari. Nikauliza nani kautia. Mshenga akacheka, akasema ni kurahisisha tu mambo, bibi.

"Jembe lenye mpini halijaja kuposa," nikamwambia. "Limekuja kulima. Karanga zangu zimezidiwa na majani, anzeni upande ule."

Walidhani ndiyo faini yao, wakimaliza nitakubali. Mshenga akavua koti akashika jembe. Mwenye shamba, kwa kuwa jembe ni moja, akainama kung'oa kwa mkono. Mwanangu akaingia ndani kwenda kuchekea huko.

Binti akarudi kutoka shule, akawaamkia shikamoo. Nikamuuliza mbele yao kama anataka hayo mambo.

"Bibi, mimi nasoma," akasema. "Na dini yangu siiachi."

Mshenga akajifuta jasho. "Sasa sisi tumelimia nini?"

"Karanga," nikamjibu. "Na jembe linabaki hapa. Mkirudi, nalipeleka kwa mtendaji wa kata nimwambie lilikuja kuoa mwanafunzi."

Hawakurudi. Walisubiri tuvune, kisha wakachukua shamba lao kama walivyosema. Sasa tunalima kule kwenye kokoto, na mgongo wangu unalijua hilo. Mjukuu yuko sekondari Vwawa, na jina ni lilelile alilopewa na babu yake. Akija likizo hagusi jembe jingine ila lile, anasema mpini wake haumchubui mkono.

Hilo nawapa. Kuchonga wanajua.