Mikate ya Mbwa wa Marehemu

Sijawahi kuwa mtu wa mbwa, na yule wa marehemu baba mkwe wangu ndiye aliyenichosha kupita wote. Alikuwa mzee, meno ya kuhesabu, na kila nilipopita alininung'unikia kana kwamba nimekuja kuiba samaki. Hata hivyo kuna mwaka mmoja, miaka ile ya hamsini, pale Kabuta, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, niliamka kila asubuhi kumwokea mikate. Mimi, niliyefundishwa kazi katika duka la mikate la Mgiriki kule Elisabethville, mji mkubwa wa ng'ambo! Vijana wa mitumbwi walivunjika mbavu kwa kunicheka.

Nilikuwa nimevuka ziwa nikaoa pale, na kwa desturi ya Wabemba nikahamia kwao mke wangu. Desturi hiyohiyo ilinikataza kumtazama mama mkwe usoni, kusema naye au kula mbele yake, mpaka siku ukoo utakaponipikia karamu ya kunifungulia. Karamu ilikuwa imekaribia. Kisha baba mkwe akashikwa na homa akafa, na nani angepika karamu matangani? Nikabaki kuzunguka nyumba kwa nyuma, macho chini, kama mwizi.

Mama mkwe alikaa kwenye mkeka uani, akakataa kula. Mke wangu alimpelekea bukari, yaani ugali, na samaki mchana na jioni. Mama alisubiri binti yake ageuke, kisha akaisukuma sahani yote kwa mbwa. Mbwa akavimba tumbo, na mama akakonda hadi mifupa ya mabega ikajichora chini ya kitambaa chake cheusi. Niliyaona hayo kwa pembeni tu.

Basi mbwa akaanza kutapika. Mawese na pilipili za kitoweo kile havikumfaa katika uzee ule. Hapo ndipo mama, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alipomwambia binti yake neno refu kuliko "hapana". Mke wangu akanijia analia.

"Mama anasema imbwa ikikufa, naye atafwata. Ile imbwa tu ndiyo bwana yake alimuachia."

"Na yeye mwenyewe amekula?"

"Hata kidogo."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mbwa, nikamkasirikia mama, hata marehemu sikumwacha. Lakini chini ya hasira ile kulikuwa na woga. Mke wangu hakuwa na mzazi mwingine, na sikutaka kumwona akizika wa pili kabla machozi ya kwanza hayajakauka. Nikaenda kwenye kichuguu nilichokuwa nimekichimba kiwe tanuri, nikawasha moto.

Unga wa ngano ulikuwa wa kufuata mbali, sokoni Kashikishi, kwa hiyo nilichukua unga wa muhogo. Nikaponda karanga, nikatwanga chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani, nikatia yai la kushikanisha. Chumvi, mafuta na pilipili nikaviacha kabisa kwa ajili ya lile tumbo. Nikakata vipande vidogo, nikaviweka kwenye joto la makaa yanayofifia ili viive bila kuwa vigumu. Vilipotoka, harufu yake ilinifanya nionje kimoja. Kusema kweli, havikuwa vibaya.

Mkwe kumpelekea mama mkwe chakula kwa mkono wake ingekuwa aibu ya kijiji kizima. Lakini mbwa si mama mkwe. Nikasimama kwenye kona ya nyumba, mgongo kwa mama, nikaweka kisahani chini, nikasema na mbwa kwa sauti.

"Weye imbwa, tumbo yako inauma. Nimekupikia mukate. Iko na muhogo, karanga na chisense, basi."

Kisha nikajibanza nyuma ya chanja cha kuanikia samaki, nikachungulia. Mbwa akasogea. Mama akamzuia, akachukua kipande, akakigeuzageuza, akakinusa. Damu ikanichemka, maana nilimwelewa mara moja. Alidhani mgeni wa ng'ambo amemtilia sumu mbwa wa mume wake! Akamega kona ndogo, akaitia mdomoni, akatafuna, akasubiri. Akaonja tena ili kuhakikisha, ndipo akampa mbwa kilichobaki.

Hasira yote ikaniishia palepale, kwa sababu mama alikuwa amekula.

Kesho yake nilioka vilevile, naye akampa mbwa vyote bila kuonja, kwa kuwa alikwisha kuviamini. Nikakaa mbele ya tanuri nikijikuna kichwa. Siku iliyofuata nikatia boga.

"Weye imbwa, leo ni ingine," nikasema. "Nimetia kintu mupya ndani." Na kitu chenyewe sikukitaja.

Mama akaonja, na ladha ya boga hakuitambua upesi, ikabidi arudie. Tangu hapo sikupika namna moja siku mbili mfululizo. Leo ndizi mbivu, kesho viazi vitamu, keshokutwa karanga nyingi kuliko unga. Kila kipya kilidai uchunguzi, na uchunguzi wa mama ukazidi kurefuka. Ikafika mahali mbwa anapata nusu tu, na ananitazama mimi kama aliyemdhulumu. Vijana wa mitumbwi wakauliza kama siku hizi mbwa wetu anachagua mkate kama Mzungu wa bomani. Niliwaambia wakavue samaki.

Asubuhi moja nikasikia sauti ya mama nyuma ya mgongo wangu.

"Imbwa, ambia ule mutu, ya leo ameunguza chini."

"Imbwa, ambia mama, kuni zilikuwa mbichi."

"Imbwa, muulize, mutu ya Elisabethville hajue kuchagua kuni?"

Ndani ya nyumba nilimsikia mke wangu akicheka. Nami nilitembea siku nzima kifua mbele, kwa furaha ya kutukanwa.

Mbwa alikufa usingizini, kwa uzee tu. Tulimzika nyuma ya chanja. Mama hakulia. Alirudi kwenye mkeka wake, akaelekea ukutani, na bukari ya jioni ikapoa palepale ilipowekwa. Mimi na mke wangu tuliyakumbuka maneno yale, kwamba imbwa ikikufa naye atafwata.

Asubuhi nilioka, kwa kuwa sikujua la kufanya zaidi ya kuoka. Nikaenda kwenye kona yangu, nikampa mama mgongo, nikafungua mdomo. Hapakuwa na wa kumwambia. Nikasimama hivyo, mtu mzima na kisahani mkononi, machozi yakanitoka kwa ajili ya mbwa ambaye sikuwahi kumpenda.

"Mukwe." Hakuwahi kuniita hivyo. "Geuka."

Nikageuka. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake wote, na ulikuwa uso wa mke wangu uliochoka.

"Ya leo iko na nini?"

"Karanga, mama. Na ndizi."

"Kula, nione."

Karamu haikuwepo, wala ukoo wa kushuhudia. Niliuma kipande mbele ya mama mkwe wangu, nikatafuna, nikameza. Alinikazia macho mpaka nikamaliza. Kisha akajisogeza pembeni kwenye mkeka, akanyoosha mkono.

"Sasa leta yangu," akasema. "Na kaa chini."

Nikakaa, tukala.