Nilimwambia Tonton Asiweke Mkono

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, maana nikianza kuzunguka nitajitetea, na kujitetea nimechoka.

Mimi ni mama wa makamo kutoka Bukavu, mjane, niliyesoma kidogo tu. Ninaishi Brussels, karibu na Flagey, na ninafanya kazi katika ofisi ya mawakili wa kesi za biashara. Ninapokea wageni, ninatayarisha vyumba vya mikutano, ninapeleka kahawa. Majina ya watu hapa nimeyabadilisha.

Wafanyabiashara wenye ugomvi wakija kwetu kupatanishwa, hawakai pamoja. Upande mmoja unakaa chumba cha mbele, mwingine chumba cha nyuma, na mpatanishi anatembea katikati akibeba maneno. Kazi yangu siku hizo ni kuangalia wasikutane hata kwenye korido. Zaidi ya mpatanishi, ni mimi tu ninayeingia vyumba vyote viwili, kwa sababu ya kahawa. Nilipoajiriwa niliambiwa: unachosikia katika chumba kimoja kinabaki humo humo.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikamwona Tonton Faustin.

Tonton, kama tunavyowaita wazee wa kwetu, ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii na watoto na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa na duka la vyakula vya kwetu hapa Ixelles: samaki wa chumvi wa makayabo, majani ya fumbwa, unga wa muhogo. Duka hilo, pamoja na depo, ghala la bidhaa lililo upande wa stesheni ya Gare du Nord, alivianzisha na rafiki yake papa Déo. Walitoka Uvira pamoja. Baadaye walichokana, kila mmoja akataka mwenzake atoke. Mawakili wetu walikuwa wakimtetea papa Déo. Tonton alikuja na wakili wake.

Ningemwambia bosi, "Huyu mzee ni mtu wangu," angeweka mtu mwingine mahali pangu siku hiyo, na mambo yangeishia hapo. Sikusema.

Tena kuna kitu nilikuwa nimekisikia siku iliyotangulia. Nilipokuwa nikikusanya vikombe, wakili wetu kijana, Maître Sophie, alikuwa amesimama mbele ya wenzake anaongea kwa ukali. Alisema mteja wetu hana haki juu ya duka wala depo, na kwamba hakimu atamtoa mikono mitupu. Wakili mkubwa alijishika kichwa akasema, "Hapo sina jibu." Mimi sikujua ni duka la nani. Nilipomwona Tonton, nikajua.

Mchana walikuwa wamekubaliana. Wakili wa Tonton alitoka kupiga simu. Nikaingia na sinia, nikamkuta Tonton peke yake, kalamu mkononi, karatasi ya mapatano mbele yake ikingoja sahihi.

"Maman, na wewe unatumika kazi huku?"

"Ni hapa, Tonton."

"Bon. Leo tunamaliza. Mi nabaki na duka, Déo anabeba depo. Tumegombana kama batoto, inatosha." Akaonja kahawa, akakunja uso. "Hata kahawa yenu iko na roho mubaya kama yeye."

Ningecheka nikatoka. Badala yake nilifunga mlango.

"Tonton, usiweke mukono."

"Juu ya nini?"

"Juu banajua banapoteza. Niliwasikia jana. Mukubwa wao hata jibu hana. Ngoja tribinali, utapata vyote."

Aliweka kikombe chini. "Uko na hakika, maman?"

"Nimesikia na masikio yangu."

Akairudisha kalamu mfukoni.

Kesi ikaenda mahakamani, ikakokotwa mwaka baada ya mwaka. Mwishowe hakimu alisema watu hawa wawili hawawezi tena kuwa na biashara moja, kwa hiyo ivunjwe na kila kitu kiuzwe. Duka likauzwa. Sasa wanatengeneza simu pale.

Muda si mrefu baada ya hapo, nilikuwa tena nakusanya vikombe. Maître Sophie alikuwa amesimama tena, anamshambulia mteja wetu mwingine kwa ukali ule ule. Safari hii nilimwuliza kwa nini.

Alicheka. "Ah, ni mazoezi, madame. Kabla ya kila kesi, mmoja wetu anajifanya wakili wa upande wa pili na kutupiga kwa nguvu zake zote. Tukikosa jibu, tunajua pa kuziba. Tunakaa hapa mpaka tulipate."

Nilienda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sikumwambia Tonton. Kila Jumapili baada ya misa nilimsalimu, na kila Jumapili nilisema itakuwa wiki ijayo. Halafu moyo wake ukasimama. Ulikuwa mgonjwa tangu zamani, na sisemi ni kesi iliyomuua. Lakini alikufa bila duka, bila rafiki yake, na akiamini nilimwambia kweli.

Kwenye matanga papa Déo alikuja na shada la maua. Mjane, maman Béa, alikataa mkono wake.

"Ulinunua tribinali," alimwambia mbele ya watu. "Faustin alikuwa na muntu mule ndani. Alimwambia kesi ni yake. Huyo muntu hakuwa mwongo."

Papa Déo aliweka maua chini karibu na mlango, akatoka. Mimi nilikuwa nagawa chai. Hakuna aliyenitazama. Tonton hakunitaja jina hata kwa mke wake.

Jumamosi hii tunaondoa matanga. Nitafika kabla ya wageni nimwambie maman Béa kwamba huyo muntu ni mimi, na kwamba papa Déo hakununua chochote. Akinifukuza, nitatoka. Kisha nitaenda kwa papa Déo. Jumatatu nitamwambia bosi, na kazi ikienda, iende.

Nawe unayeingia vyumba vya watu na sinia mkononi, nisikilize. Hujui kilichosemwa kabla hujaingia, wala kitakachosemwa ukishatoka. Kama aliyekaa mule ni mtu unayempenda, sema mapema kwamba unamjua. Na ikikubidi kuingia, mwekee kahawa yake, mwulize kama anataka sukari, halafu utoke.