Gervas na Taa za Mwali

Sherehe yoyote ya maana kati ya Masasi na Newala, watu wakitaka jukwaa liwake rangi, humwita Gervas. Atakuja na taa zake, nyaya zake na kompyuta kuukuu yenye ufa kwenye kioo, kisha atakaa nyuma ya watu wote, macho kwenye kioo hicho. Humo kila taa ina mstari wake. Akiusukuma juu kwa kipanya, taa inawaka, akiushusha, inafifia. Bibi harusi anaingia kwenye mwanga wa dhahabu, kwaya inaimba kwenye bluu, na hakuna anayegeuka kuangalia nani kawaangazia. Kazi nzuri, jamani, ila imemla mgongo na macho. Na korosho zikishauzwa, watu wana pesa, ndiyo hapumui kabisa: leo Tandahimba, kesho Lukuledi.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni wa mtu aliyehudhuria furaha za wenzake mpaka za kwake zikampita. Bintiye Queen alipopata komunyo ya kwanza, yeye alikuwa kwenye harusi ya watu asiowajua. Mtoto alipolazwa na malaria, aliyemuuguza ni Gideoni, kaka wa mkewe. Kwa watu wa huku mjomba ni mtu mzito, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Hata mwaka huu, Queen alipomaliza darasa la saba, Gideoni ndiye aliyeamua aingie unyagoni, na sherehe ya kumtoa ifanyike uwanjani kwake Makote. Gervas aliarifiwa tu, tena kwa simu.

"Baba Queen," mkewe Veridiana alimwambia, "siku ya kutoka mwali, mimi na wewe ndio tunamfunua kanga. Usipokuwepo atafunua mjomba wake. Na safari hii mimi simtetei mtu."

"Nitakuwepo."

"Kukaa kule nyuma na mashine siyo kuwepo."

Maneno yalimwingia. Lakini Gideoni alikuwa ameshatamba kijiji kizima kwamba mwali wao atatoka kwa taa za kisasa, na mwenye taa ni yuleyule. Basi Gervas akaona aiachie kompyuta kazi. Akazipanga taa zifuatane zenyewe: nyeupe mwali anapotoka mlangoni, dhahabu anapofunuliwa mkekani, halafu zote zizimike, zimngoje yeye arudi kuwasha za rangi watu wacheze. Ili ajue muda, aliutembea mwenyewe uwanja kutoka mlangoni hadi mkekani. Akautembea kama mwanamume anayewahi basi! Mtu aliyezaliwa huku, aliyeona mabinti wakitolewa unyagoni tangu utoto wake, sijui siku hiyo akili aliiacha wapi. Labda ndiyo uchovu wenyewe.

Giza lilipoanza kuingia, jenereta likanguruma. Gervas akabonyeza kitufe, akaenda kusimama mbele kando ya mkewe. Hakujua mikono aiweke wapi.

Queen akatoka amefunikwa gubigubi, kainama, kungwi wake Bibi Selestina akimwongoza kwa mwendo wa mwali, ambao si kutembea, ni kusogea. Hawajafika mbali, shangazi mmoja akajilaza njiani. Hapo mwali hapiti mpaka shangazi atuzwe. Akatuzwa kanga, akainuka kwa vigelegele. Mbele kidogo, akajilaza mwingine. Ngoma ikapamba moto, kila mtu kafurahi, isipokuwa Gervas, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Kompyuta haijui shangazi ni nini. Taa ya dhahabu ikawaka juu ya mkeka mtupu, ikawamulika yeye na Veridiana wamesimama kama wanaopigwa picha, na watu wakaangua kicheko. Queen alipofika mwishowe, akakalishwa, taa zote zikazimika.

Gideoni akamwinamia Gervas sikioni, maana ngoma haikuwa imenyamaza.

"Shemeji, kimbia ukarekebishe. Huku usijali, mimi nipo."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo walivyogawana maisha miaka yote, huyu taa, yule mtoto. Na miguu ya Gervas ilishaanza kwenda yenyewe, imezoea, mpaka alipotambua kwamba Veridiana hakumzuia wala hakumwita. Alikuwa ameshika pindo moja la kanga ya mwali, anangoja yeyote atakayeshika la pili. Hilo lilimuuma kuliko ugomvi wowote waliowahi kugombana.

"Taa zikae hivyohivyo," alimwambia Gideoni.

"Watu hawataona kitu!"

"Wasione."

Akarudi, akapiga magoti, akapapasa mpaka akalipata pindo. Wakaivuta kanga pamoja. Uso wa mwanawe hakuuona. Aliweka kiganja juu ya kichwa kilichonyolewa, kinachoteleza kwa mafuta, akakiacha hapo, mgongo unamuuma.

Mwali hasemi mpaka aruhusiwe, lakini gizani nani angemwona? Mkono mdogo ukapanda, ukaushika wake.

"Asante, mjomba," Queen alinong'ona.

"Ni baba."

Ule mkono ukatulia.

"Ni baba, mama. Ni mimi," Gervas akarudia, na ilibidi arudie tena ndipo mtoto akaamini.