Mguu wa Klachi

Mume wangu Mwinshehe alikuwa anaendesha gari peku. Viatu alikuwa navyo, tena vizuri, vingine nilimnunulia mwenyewe. Anatembea navyo mpaka kwenye mlango wa gari, anavivua, anavikung'uta mchanga wa Kunduchi, anavitupa nyuma ya kiti, ndipo anaingia. Ukimuuliza anakwambia gari linaongea na dereva kupitia miguuni, na kiatu kinameza nusu ya maneno. Basi mie nikawa na mume fundi wa majokofu, mtu mzima mwenye mvi, anayeshuka mbele ya wateja wake wauza samaki huku akipapasa kutafuta ndala.

Gari lenyewe lilikuwa RunX nyeusi, ile yenye injini kali na gia sita za mkono. Alilipata Kawe kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Siku hizi kila mtu anataka gari linalojibadilishia gia, la gia za mkono linakaa na bango la kuuzwa mpaka bango linapauka, na ndiyo maana fundi wa majokofu aliliweza. Alilileta nyumbani akicheka peke yake. Kwa nje lilikuwa gari la mama mwenye watoto wawili: milango minne ya abiria na mlango mpana wa nyuma, unaingiza jokofu bovu na madumu ya maji na bado unafunga. Kwa ndani, alisema, limeficha kichaa. Ukilikanyaga linaanza kwa adabu, halafu injini ikizunguka sana sauti inabadilika ghafla na shingo yako inakwenda nyuma. Mie nilikuwa nasoma dua tangu lango la nyumba.

Theonest naye alikuwa na lake. Theonest ni Mhaya wa Gongo la Mboto, karani katika kampuni moja ya mizigo, walijuana na mume wangu wakitafuta spea ileile kwenye duka lilelile. Yeye alikuwa na Celica nyekundu, gari la michezo la milango miwili, limelala chini utadhani limekaliwa na tembo. Ugomvi wao ulianzia hapo, kwa sababu injini ya magari hayo mawili ni ileile moja. Walioyatengeneza waliichukua injini moja wakaivika maumbo mawili, na wanaume wawili wazima wakapata kazi ya maisha.

Walikuwa wanakaa barazani kwangu Jumapili baada ya Jumapili.

"Theo, gari gani hilo mtu wa nyuma anakaa magoti yamegusa kidevu?"

"Gari la michezo halinaga mtu wa nyuma, braza. Ukitaka kubeba ukoo nunua Noah."

"Mie nabeba ukoo, nabeba jokofu, na kwenye kona nakuacha."

"Unaniacha wapi? Gari lako limesimama juu, kwenye kona linainama hilo! Langu limekaa chini, linakata kona hata chai haimwagiki. Shemeji, si wewe ndiye hakimu? Sema."

"Hakimu nasema nyie wote mnafika Mwenge saa ileile na foleni ileile," niliwajibu. "Kunyweni kahawa."

Walicheka. Nilipenda kicheko cha mume wangu, kilikuwa kinaanzia tumboni, na nilikuwa nawachokoza makusudi ili nikisikie.

Kisukari kilimshika mwaka tuliomwoza binti yetu Shamimu. Alipunguza wali, akaacha soda, kliniki akawa haikosi. Kule kliniki kuna kipimo cha miguu: unafumba macho, nesi anakugusa unyayo na kiuzi kigumu cha plastiki, wewe unasema umesikia au hukusikia. Kila akirudi nilimuuliza. "Nasikia vyote, Mama Shamimu, nesi mwenyewe amenisifu." Nikashukuru Mungu. Kumbe alikuwa anachungulia. Anafumba macho nusu, anaona mkono wa nesi unapokwenda, anasema "hapo." Ganzi ilikuwa imeanza kwenye vidole, ikala unyayo, ikaingia kisiginoni, naye amekaa nayo kimya. Aliogopa jambo moja tu, kwamba nikijua nitachukua funguo. Na kweli ningezichukua.

Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba klachi ya RunX imekuwa mbovu. Gari lilianza kuruka likiondoka, mara linazimika pale njia panda ya Mtongani na bodaboda wote wanapiga honi. Mwinshehe akasema sahani ya klachi imekwisha. Fundi akaweka mpya. Siku chache akatulia, kisha akaanza tena kulalamika: haishiki vizuri, haieleweki inashikia wapi. Akaenda kwa fundi mwingine, wakabadilisha tena. Mafundi wakawa wanaangaliana. Yeye alijua mguu una ganzi, lakini kwamba mguu ule uliomfikisha Mtwara na Tanga na kumrudisha ndio unaokosea, hilo halikumwingia akilini. Ni rahisi zaidi kumlaumu fundi, na yeye mwenyewe akiwa fundi alipaswa kulijua hilo.

Kisha yeye na Theonest wakakubaliana kumaliza ubishi. Kila mmoja ataendesha gari la mwenzake kutoka Gongo la Mboto mpaka Kisarawe, kupitia vilima vya Pugu ambako barabara ina kona za kweli. Wakifika, kila mmoja atatoa hukumu mbele yangu, na baada ya hapo hakuna rufaa. Mwinshehe aliisubiri siku hiyo kuliko nilivyowahi kumwona akisubiri sikukuu. Hakuwa amewahi kuliendesha lile jekundu. Alikuwa analisema vibaya miaka yote, lakini mie nilikuwa naona anavyoliangalia likiondoka.

Tulikula ndizi kwa Theonest, tukatoka nje. Mume wangu akavua viatu.

"Braza, leo vaa," Theonest akamwambia. "Fundi wa mtaani aliyenifungia ekzosi mpya hakuikaza, inavuja moto chini ya sakafu, hapo hapo upande wa mguu wa klachi. Mie mwenyewe nasikia soli inapata joto. Na kapeti nimelitoa."

"Langu naendesha peku, lako niendeshe na viatu? Halafu nikisema limeshindwa utasema nimekuonea."

"Utaungua."

"Nikiungua si nitasikia?"

Nilikuwa nimesimama pale, mkono kwenye mlango wa RunX. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu na nikacheka.

Mie nilipanda na Theonest, lile jekundu likatangulia. Nitasema kweli, lilikuwa zuri. Pale Pugu barabara inapoanza kupinda chini ya miti, lilikuwa linaingia kona bila kuyumba, na mgongo wake mfupi ukipotea na kutokea. Theonest naye alikuwa amechanganyikiwa kwa furaha kwenye kiti cha mume wangu. "Shem, hiki kigari kina wazimu! Tazama kinavyogeuka! Nambishia mtu bure miaka yote hii!" Kwenye mlima mmoja lile jekundu likaruka mara mbili, likazimika katikati ya barabara. Tukasimama nyuma yake. Likawaka, likaruka tena, likaondoka. "Hajalizoea," Theonest akasema.

Kisarawe, Mwinshehe alichelewa kushuka. Alikaa ameshika usukani na injini imezimwa. Theonest hakuweza kumngoja, alimfuata dirishani.

"Nakubali! Nakubali mbele ya mkeo, gari lako tamu. Langu zuri kwa kona, lako zuri kwa kona na maisha. Na klachi, braza! Laini, inashika palepale unapoitaka. Nani kakuwekea?"

Mwinshehe akamtazama. "Umesema nini kuhusu klachi?"

"Nasema iko safi. Sijakanyaga klachi safi vile."

Mume wangu akainamisha kichwa, akautazama mguu wake wa kushoto pale sakafuni. Niliona uso wake ukibadilika, nikadhani ni uchungu wa kushindwa.

"Haya, zamu yako," Theonest akamhimiza. "Langu je?"

"Ngoja nilale nalo," akasema. "Nitakupa jibu."

Aliendesha RunX mpaka nyumbani taratibu. Nilimtania njia nzima kwamba Mhaya amemshinda kwa uungwana. Hakucheka.

Tangu jioni ile alianza kuvaa soksi. Na akaanza kutawadha msikitini. Mume wangu siku zote alikuwa anatawadhia uani kwangu, namjazia kopo, namwekea kigoda. Sasa akitoka mapema anasema atatawadha hukohuko. Nikadhani uzee umemleta karibu na Mola wake, nikafurahi, hata nikamsifia kwa Shamimu kwenye simu. Kumbe lengelenge la moto wa Celica lilikuwa limefunika upande wote wa ndani wa mguu, limepasuka, naye anapaka asali na kufunga kitambaa. Kusema kidonda ilikuwa ni kusema ganzi, na kusema ganzi ilikuwa ni kutoa funguo. Mpaka siku niliyofua soksi zake nikasikia harufu. Nilimfungua kitambaa mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda changu ananiangalia tu, haumii, na mie ndiye niliyekuwa napiga kelele.

Tulimlaza kwenye RunX, viti vya nyuma tumevikunja, mlango mpana wa nyuma ukafunga vizuri. Jirani ndiye aliyeendesha. Hospitali daktari alisema mengi kwa upole, lakini mie nilisikia neno moja, kukata. Walikata chini ya goti. Mguu wa kushoto, mguu wa klachi.

Nilimchukia Theonest. Alikuwa amemwonya, tena mbele yangu, sikuwa nimesahau. Lakini chuki inataka mahali pa kukaa, na kumchukia mgonjwa sikuweza. Akija kumwona nilikuwa naingia ndani, hata maji simpi. Celica alikuwa analiacha mbali, barabara kuu, anakuja kwa miguu ili nisilione. Halafu siku moja akaja na bajaji. Alikuwa ameliuza.

Siku hiyo alikaa barazani karibu na mume wangu, magongo yameegeshwa katikati yao. Niliwasikia kutoka dirishani.

"Hukunipa jibu," Theonest akasema. "Kama hutaki kulisema, basi."

"Jibu ninalo. Lako ndilo gari, Theo. Langu halifiki hata robo. Nilikuwa nabisha kwa wivu."

"Usinifurahishe."

"Nakwambia. Pale kona za Pugu, ningekufa pale nisingelalamika. Umeliuza la nini, mjinga wewe?"

Theonest akalia. Mtu mzima, karani, akalia kwa sauti barazani kwangu watu wanapita. Nilimwaga chai iliyopoa nikachemsha nyingine, nikampelekea. Akaipokea kwa mikono miwili, "Ahsante, shemeji."

Alipoondoka nilikaa mahali pake.

"Kumbe lile ndilo lilikuwa zuri," nikasema.

Mwinshehe akayasogeza magongo. "Sijui."

"Hujui vipi? Si umemwambia?"

"Nimwambieje? Mtu kauza gari lake kwa ajili yangu." Akapapasa goti, pale panapoishia. "Sikulisikia, Mama Shamimu. Kona niliziona, injini niliisikia masikioni, lakini mguu haukuniambia kitu. Ningekaa kwenye benchi hili ningekwambia hayohayo. Miaka yote nalitamani lile gari, nimekaa ndani yake, nikawa sipo. Lilipozimika mlimani nikasema klachi ya Theo nayo mbovu. Kufika Kisarawe ananiambia ya kwangu haijawahi kuwa mbovu." Akatabasamu vibaya. "Maskini wale mafundi. Nimewatukana bure."

Nilitaka kumgombeza, kwa nesi, kwa soksi, kwa msikiti, maneno yote nilikuwa nayo. Nikainuka nikaondoa kikombe cha Theonest.

RunX lilikuwa uani. Nilikuwa naliwasha mara moja moja betri isife, ndicho kitu pekee alichonifundisha. Alasiri ile nilipochukua funguo akaniambia ningoje. Akanifuata kwa magongo, akajisogeza kwenye kiti cha abiria, upande ambao sikuwahi kumwona amekaa katika gari lile.

"Vua ndala," akasema.

Nikavua.

"Kanyaga klachi mpaka chini, uwashe. Breki ya mkono iko juu, usiogope. Ingiza gia ya kwanza. Hapo. Sasa uachie mguu pole pole, pole pole kabisa. Unasikia nini?"

"Nasikia chuma cha baridi."

"Endelea."

Nikaendelea. Kwa muda hakuna kitu. Halafu kitu kikagusa unyayo wangu kutoka chini, kidogo sana, mtetemeko, na pua ya gari ikainuka kidogo.

"Hapa," nikasema.

"Hapo wapi? Nieleze vizuri. Inashikia wapi?"

Nikageuka kumtazama. Alikuwa amefumba macho, amefumba kabisa, safari hii hachungulii.

Nikamweleza. Nikamwambia inaanza ukishapita nusu, inagusa kwanza chini ya kidole gumba, inasambaa unyayoni, inakuja mpaka kisiginoni, inatekenya. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kuyafuta, maana niliogopa mguu usije ukateleza.

"Tena," akasema.

Nikakanyaga tena.