Jagi Lililorudi Limejaa

Kabla ya sola, mtambo wa mama wa kukamulia mawese uliendeshwa kwa miguu ya wanawake. Lilikuwa pipa la chuma lililosimikwa bandani, nyuma ya nyumba yetu kijijini Simbo, na juu yake umelala mti mrefu. Chikichi zikishachemshwa na kumiminwa ndani, wanawake wawili upande huu na wawili upande ule waliushika ule mti na kuusukuma, wakilizunguka pipa mpaka mafuta mekundu yaanze kuchuruzika chini. Nilisukuma nikiwa msichana, nikasukuma nikiwa mjamzito. Anayesema kazi ile ilikuwa tamu kwa sababu tuliimba hajawahi kuifanya. Tuliimba ili tusitukanane.

Kila aliyesukuma aliondoka na jagi la mawese. Hayo ndiyo yalikuwa malipo, na kwa mwanamke mmoja ndiyo yalikuwa maisha. Huyo alikuwa jirani yetu, mjane wa upande wa pili wa ua, ambaye sisi watoto tulimwita mama mdogo ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Yeye na mama walikuwa pacha wa ule mti: mama akisukuma kulia, yeye kushoto, tangu sijazaliwa. Jagi lake aliligawa kwenye chupa za soda akauza barabarani. Humo ndimo zilimotoka chumvi, sabuni na sare za wajukuu wake.

Kisha magoti ya mama yakagoma. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, naishi mjini Katubuka, nauza dagaa sokoni Kibirizi, na kila nikienda kumsalimia nilimkuta anajifunga vitambaa magotini kama mchezaji mpira. Nikawaambia ndugu zangu hapana, tukajichanga tununue mota. Dizeli mama aliikataa. Alisema kuna kinu kimoja barabarani kinatumia dizeli, mawese yake ukiyapikia maharage unadhani umeyapika kwenye gereji. Basi tukachukua sola. Fundi akapandisha paneli juu ya banda, akafunga mota kwenye mtambo, na ule mti tukaung'oa tukauegemeza ukutani.

Siku ya kwanza mafuta yalitoka kabla chai haijachemka. Watu walipiga makofi. Mimi nilijisifu mpaka kwa dereva wa bodaboda ambaye hata hakuniuliza. Na sikujisifu bure: wakulima waliozoea kuwauzia walanguzi mikungu yao ya chikichi kwa bei ya kutupa walianza kuileta kwa mama, wakakamua, wakamwachia sehemu ya mafuta kama malipo ya mtambo, wakaenda kuuza yaliyobaki wenyewe. Mama aliyekuwa akiuza kwa chupa akawa anauza kwa madumu.

Katikati ya makofi hayo mama mdogo alikuwa amesimama, khanga ameifunga kiunoni kwa ajili ya kazi.

"Mti uko wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha ukutani. Akacheka kidogo, akaifungua khanga yake, akaanza kufagia banda ambalo lilikwisha kufagiwa. Alipoondoka mama alimkimbilia na magoti yake mabovu, akampa jagi kama kawaida. Siku hiyo alilipokea, na iliyofuata pia. Kisha hakuja tena.

Mama akanituma nimpelekee. "Kutoa ni moyo," aliniambia, akalifunika jagi kwa kipande cha jani la mgomba.

Nilimkuta mama mdogo mlangoni anachambua mboga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hilo la nini?"

"Mama kasema ni la kwako."

"Nimefanya kazi gani?"

Nikaanza kubabaika kwamba si lazima kazi, ni ujirani tu. Akaendelea na mboga zake. "Mwambie mwenzangu nimeshukuru. Lakini sijawa ombaomba bado."

Mimi ni mbishi, nimerithi. Nililiweka jagi kizingitini nikaondoka. Asubuhi tukalikuta kwenye baraza yetu, limejaa vilevile, na jani la mgomba juu yake.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa kitu, chombo unakirudisha na chochote: maharage, ndizi, hata gao la chumvi, kiganja kimoja tu. Jagi lile halikurudi tupu wala halikurudi na kitu. Lilirudi na mafuta yetu wenyewe. Mama aliliangalia, akakaa chini, akalia. "Afadhali angelirudisha tupu," alisema.

Safari iliyofuata nilifika jua linawaka na mtambo umenyamaza. Wateja wamekaa kivulini na mikungu yao. Mama alikuwa amechomoa waya wa mota, anahangaika kuunyanyua ule mti aurudishe juu ya pipa. Nilipandisha sauti.

"Mama! Na magoti hayo?"

"Magoti ni yangu."

"Kwa hiyo tulizime jua ili jirani apate kazi?"

Aliuachia mti ukaanguka. "Wewe unaona mafuta. Mimi nimezunguka na yule mwanamke ujana wangu wote. Ulipopatwa na degedege nikakukimbiza hospitali, alisukuma zamu yake na yangu. Leo nimepata wa kunisukumia, ndiyo nimwache njiani?"

Alisema kweli, na mimi bado niliona mti ule haustahili kurudi juu ya pipa la mtu yeyote. Niliuchomeka waya, mota ikaanza kuvuma.

Nikaenda kumtafuta mama mdogo. Mlango ulikuwa umefungwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita aliniambia siku hizi anatoka alfajiri na panga, anarudi jua likizama. Nikajua yamefika huko: mtu mzima yule anafyeka mashamba ya watu kwa kibarua. Niliporudi nikamweleza mama, akausukuma ugali wake pembeni. Nilimwonea huruma mama, nikamwonea huruma mama mdogo, na zile paneli nilizozisifia mpaka kwa bodaboda nikaziona kero.

Ulipita muda. Siku moja wateja walikuwa wengi nami nilikuwa bandani namsaidia mama, nikamwona mama mdogo anaingia na mkungu kichwani. Nyuma yake mkwezi wa michikichi alikuwa anakokota baiskeli iliyoelemewa na mikungu mingine.

Hakuwa akifyeka kwa watu. Alikuwa akifyeka shamba la marehemu mumewe, kule bondeni, lililogeuka pori tangu msiba. Miaka yote walanguzi walikuwa wakinunua mikungu yake ikiwa bado juu ya mti, kwa bei waliyojipangia, kwa sababu baada ya kutwa kwenye mtambo hakubaki na nguvu za kwenda bondeni.

"Nilikuwa nasukuma chikichi za watu," alituambia, "zangu zinaliwa na ndege na walanguzi."

Kisha akamgeukia mama, akamsalimia kwa kilugha chetu. "Mwakeye, mwenzangu. Kuna foleni?"

Nilidhani mama atamkumbatia, au atamvuta mbele ya watu wote. Mama alifuta mikono kwenye khanga.

"Foleni ipo. Utangoja kama wengine."

Mama mdogo alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, akaenda kukaa kivulini.

Zamu yake ilipofika chikichi zilichemshwa, zikamiminwa, mota ikavuma, na yeye akachuchumaa mbele ya bomba akiyatazama mafuta yake yanavyotoka. Alijaza madumu yake. Halafu akafungua kikapu, akatoa jagi lake jipya, jekundu, akalijaza malipo ya mtambo mpaka ukingoni, akamnyooshea mama.

Nilifungua mdomo niseme acha, mama mdogo, wewe ni wa nyumbani. Mama alinikanyaga mguu. Akalipokea jagi kwa mikono miwili, akipiga goti lile bovu, kama anavyopokea kwa mkulima yeyote.

"Ahsante sana," alisema.

Jioni mama alinituma tena upande wa pili wa ua. Nililibeba jagi jekundu, limeoshwa, nimelijaza dagaa wangu wa Kibirizi. Mama mdogo alikuwa mlangoni palepale, mikono na vidole vyekundu kwa mawese. Alichungulia ndani ya jagi, akanitazama usoni.

"Haya, mwanangu. Hawa nitawapokea."

Akalipokea.