Maombi ya Mkaguzi wa Nyama

Filomena Kondo ana stashahada ya afya ya mifugo, ana koti jeupe, na ana kisu chake mwenyewe anachokinoa kila jioni uani kwetu Kilakala, tunakopanga nyumba moja. Kazi yake ni kukagua nyama machinjioni kabla haijagongwa muhuri kwenda buchani. Kitu pekee alichokosa mwaka wake wa kwanza kazini ni kuamini kwamba kazi hiyo ni yake.

Kwao Kinole alikulia nyuma ya kaka yake, aliyeshika namba moja tangu darasa la kwanza. Filomena naye akifaulu, shangazi zake walicheka: "Ya bahati hiyo." Basi akakua akiamini kwamba kila alichopata amekiokota njiani, na ipo siku mwenyewe atatokea kukidai.

Kwa hiyo hata akikuta minyoo tu kwenye ini, alimpigia simu mkubwa wake, Dokta Oscar. Dokta anakuja na pikipiki, anatazama, anasema kile kile Filomena alichokwisha kukiona, anaondoka. Wenye ng'ombe wanasubiri huku nzi wakishiba. Mwaka mzima Filomena hakukosea hata mara moja. Nilimwambia hivyo, tena kwa hasira, akanijibu, "Dada, wewe hujui tu."

Kwenye jumuiya yetu, kila Jumamosi asubuhi, ikifika zamu ya kutoa nia alisimama na nia ile ile: "Tumwombe Bwana, wiki hii asiletwe ng'ombe mgonjwa machinjioni." Nasi tukaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Tuliitikia hivyo kwa miezi bila kufikiri, na mimi nikiwamo.

Mpaka siku moja Mama Joyce, mwenyekiti wetu, muuza ndizi asiyejua kungoja sala iishe, akafumbua macho.

"Filomena mwanangu, ng'ombe mgonjwa asipoletwa kwako anakwenda wapi?"

Mama hakungoja jibu.

"Anapona njiani?"

"Hapana, mama. Anachinjwa vichakani."

"Halafu tunamla sisi. Sasa hapo umetuombea au umetuapiza? Mungu kakuweka mlangoni, wewe unamsihi asipite mtu!"

Tulicheka. Filomena hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba siku hiyo alijifungia chumbani, akapiga magoti akalia kwa aibu, maana alikuwa akimwomba Mungu amfiche, na Mungu huyo huyo ndiye aliyempeleka pale. Akaomba upya: akiwapo mgonjwa, aje kwangu, nawe unipe kinywa cha kusema.

Mungu naye ana utani wake. Alhamisi iliyofuata likachinjwa dume la Mzee Stambuli, kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Mzee ni mjomba wa bibi harusi, na kwa Waluguru mjomba si mtu mdogo. Dume lilikuwa limenona, kila mtu alilisifu. Filomena alipopasua mapafu akakuta vinundu vimejaa kama punje za mahindi. Akakata tezi, akaangalia ini, akapitisha vidole ndani ya mbavu. Vilikuwa kila mahali.

"Shikamoo, mzee. Nyama hii siwezi kuipitisha. Ni kifua kikuu, kimeenea mwili mzima. Itafukiwa yote."

"Ifukiwe? Watu mia tatu wanakuja kesho kutwa! Binti, niitie mkubwa wako."

Filomena alikuwa na simu mfukoni. Mkono ukaingia wenyewe, kama ulivyozoea. Halafu akautoa mtupu.

"Mkaguzi wa hapa ni mimi, mzee."

Wachinjaji waliacha visu wakamtazama. Mzee Stambuli hakubishana naye, akatoa simu yake, akatafuta namba ya Dokta Oscar kwa wachinjaji, akapiga na kuweka spika ili machinjio mazima yasikie huyu binti akirekebishwa. Akaeleza yote: harusi, wageni, dume lenyewe lilivyonona.

"Filomena yupo hapo?" Dokta akauliza.

"Yupo, mbele yangu."

"Amesemaje?"

"Anasema lifukiwe."

"Basi lifukiwe, mzee. Pole sana."

"Hata kuja kuangalia huji?"

"Nije kuangalia nini? Mwaka mzima nakwenda pale kumsindikiza tu. Anayejua ni yeye."

Simu ikakatika. Filomena alisimama na kisu mkononi, machozi yakimtiririka hadi kwenye koti, wala hakuwa na mkono msafi wa kuyafuta. Mzee Stambuli alimtazama, akalitazama pafu lile lililopasuliwa.

"Wa kulia hapa ni mimi," akasema. "Nyamaza, daktari. Twende zizini ukanichagulie mwingine."