Dakika Moja ya Kanda Tupu

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi ya mtu yeyote, Sikio huweka kanda tupu kwenye mashine na kuisikiliza kwa dakika nzima. Hufuta hedifoni kwa pindo la kitambaa chake cha kichwa, akazivaa, akafumba macho. Wageni humdhani anasali. Wala hasali. Anaisikiliza mashine yenyewe: mvumo wa mota, mkwaruzo wa kichwa kinachosoma kanda, na gurudumu la kushoto linalolia kama panya aliyebanwa na mlango. Akishaujua uchafu wa mashine wa siku hiyo, hawezi kumsingizia mwanamuziki.

“Kinachobaki ni cha mwenyewe,” huwaambia wanaojifunza kazi. “Hata kikiwa kikohozi.”

Jina la Sikio alipewa na wenzake wa kituo cha redio miaka thelathini na moja iliyopita, likamganda. Kazi yake ni kutunza kanda: kuzisikiliza mwanzo hadi mwisho, kuandika kilichomo na kuzipanga kabatini. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sura, mwenye hasira za karibu. Kaka yake husema uji unaweza kuchemka kwa kuwekwa tu kando ya Sikio. Hata hivyo alimleta binti yake, mwanafunzi wa chuo, afanye mafunzo ya vitendo chini ya shangazi yake huyo. Binti alikuwa wa maneno machache na daftari kubwa.

Wiki iliyotangulia, seremala mmoja mzee alikuwa ameleta kanda ndani ya foronya, kopo lake limeandikwa kwa penseli. Zamani, yeye na wenzake watano walijifungia katika karakana yake wakarekodi muziki wa dakika arobaini na mbili bila kupumzika. Wawili walikuwa waimbaji wa kwaya, mmoja alipiga tarumbeta harusini, mmoja gitaa la rege, mmoja ngoma. Seremala mwenyewe alipiga randa: alilainisha mbao kwa mdundo, shwaa, shwaa, na wengine wakamfuata. Watatu kati yao walikuwa wamekufa. Nakala nyingine haikuwepo, na mzee hakuwa na mashine ya kuisikilizia hiyo moja. Aliomba ihifadhiwe, naye aruhusiwe kuisikia mara moja.

Sikio alisikiliza dakika kumi na moja, akaitwa kwenye mkutano wa siku mbili mjini. Kabla hajaondoka alijaza fomu. Penye “aina ya muziki” aliandika kwaya, dansi, rege, ngoma, tarumbeta na karakana. Fomu ikarudi na wino mwekundu: CHAGUA MOJA. Akaandika chini yake, “Chagua wewe,” akairudisha.

Aliporudi siku ya tatu, seremala alikuwa ameshaketi kwenye benchi la mapokezi, shati limepigwa pasi, foronya imekunjwa mapajani. Sikio akamwomba asubiri kidogo. Akaingia ofisini, akaikuta kanda imeshahamishiwa kwenye kompyuta. Akaibonyeza isikike.

Kwaya ilikuwa inaimba kama watu waliozama kisimani. Tarumbeta ilikatika na kurudi, ikakatika na kurudi. Randa haikuwepo kabisa.

“Nani ameshika kanda hii?”

“Mimi, mama,” akasema Injinia, kijana aliyeajiriwa mwaka huo, akitabasamu kama mtu anayesubiri kushukuriwa. “Nimekusaidia. Ilikuwa chafu hiyo, haisemeki. Nimeisafisha.”

“Umeisafisha vipi?”

“Programu inataka uichagulie kipande chenye kelele tupu, halafu inaondoa kelele hiyo kanda nzima. Nikachagua dakika ya kwanza. Pale hakuna muziki, ni mkwaruzo tu. Nikajua mashine yako imezeeka.”

“Mashine yangu imezeeka.”

“Si kwa ubaya, mama.”

“Ile ya kwanza ni randa, wewe mtoto. Ni mtu anapiga randa. Watu watano wanamfuata yeye. Umemtoa dereva ndani ya gari, sasa unashangaa gari limeingia mtaroni?”

“Sikushangaa, mama. Nilidhani ndivyo lilivyo.”

Jibu hilo lilimchoma kuliko kosa lenyewe. “Kanda yenyewe iko wapi?”

Injinia akatazama dirishani. “Uani. Mkuu kasema zote zilizosafishwa ziondoke leo. Gari la taka linakuja saa nne.”

Ilikuwa saa nne kasorobo. Sikio alitoka, na mpwa wake akamfuata akiwa amekumbatia daftari. Kwenye korido wakakutana na Mkuu wa kituo, ana kikombe cha chai mkononi.

“Mama, mbona mbio? Kumetokea nini?”

“Mmetupa kanda ya watu.”

“Tumetupa plastiki. Sauti ipo kwenye kompyuta, safi kabisa. Na fomu yake ile, samahani, ilikuwa kituko. Aina saba? Huo si muziki, ni sokoni.”

“Zilikuwa sita. Na wewe umeusikiliza?”

“Mimi nina kituo cha kuendesha. Tuliza moyo, mama. Hasira hasara.”

“Hasara mmeshanitangulia kuifanya. Niachieni hiyo hasira, ndiyo niliyobaki nayo.”

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa hajawahi kumpita mkubwa wake wa kazi bila kuaga. Siku hiyo alimpita.

Gari lilikuwa limewahi. Maboksi yalikuwa yameshapakiwa, na mpakiaji alikuwa anafunga mlango wa nyuma.

“Usifunge,” Sikio akamwambia.

“Bibi, mimi nimesainishwa. Vikishapanda humo ni taka.”

“Basi na mimi ni taka. Nipishe.” Akavua viatu, akampa mpwa wake, akapanda.

Akafungua boksi la kwanza, la pili, la tatu. Mle ndani mlikuwa na hotuba, mahubiri, mechi za mpira, vichekesho vya watu ambao aliwahi kuwamiminia chai. Kila kopo alilolitambua lilimwongezea moto kifuani. Angeweza kulia, lakini akaona machozi yatamziba macho na lebo hazitasomeka. Mpwa wake, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, aliweka viatu na daftari chini kwenye vumbi, akapanda naye, akaanza kufungua maboksi ya upande wa pili.

“Shangazi,” akaita. “Lenye maandishi ya penseli ya seremala?”

Lilikuwa lenyewe. Sikio alilibana kwapani, kisha akamwamuru mpakiaji ashushe na mengine yote. Yule alimtazama usoni, akashusha.

Barua ilimfuata ofisini kabla hajavaa viatu: ajieleze kwa maandishi kwa nini amezuia gari la kazi. Akaisoma, akaiweka chini ya kikombe. Akamwita seremala ndani. Akamwita na Injinia.

“Kaa hapo. Vaa hizi,” akamwambia kijana, akimpa hedifoni.

Akaweka kanda tupu, akaiacha izunguke dakika nzima. Mota, mkwaruzo, panya wa mlangoni. Injinia alijaribu kuzungumza, Sikio akamwonyesha kiganja. Kisha akaweka kanda ya seremala. Shwaa, shwaa.

“Ile tupu na hii, zinafanana?”

“Hazifanani, mama.”

“Andika hivyo, utie sahihi. Nitaiambatisha kwenye maelezo yangu.”

Akaandika. Sikio hakumwonea huruma. Aliondoa hedifoni za kijana, akamvisha seremala, akavaa za kwake, akarudisha kanda mwanzo.

Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mahali fulani mdundo ulijikwaa, na ngoma, gitaa na waimbaji wote wakajikwaa nao, kisha wakainuka pamoja. Akamgusa Sikio mkononi.

“Hapo ubao ulikuwa na fundo,” akasema.

Sikio aliliandika hilo kwenye kadi, pamoja na dakika yake. Hasira ilikuwa bado haijashuka. Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi. Dakika ya tisa ikapita, ya kumi, ya kumi na moja. Mpwa wake alikuwa amesimama karibu na kabati, vumbi mpaka magotini. Alimkumbuka shangazi yake juu ya gari, akaiona barua chini ya kikombe, akakusanya nguvu zake zote.

“Shangazi, wewe unaupenda muziki huu?”

Sikio akasogeza hedifoni upande mmoja.

“Mpaka hapa, hapana,” akasema. “Nyamaza nimalizie.”